Injini Iliyodhani Bado Ni Alfajiri

Anayenunua Subaru Impreza WRX hatafuti gari la kubana matumizi. Gari la kasi hunywa mafuta, na mwenyewe huyalipia kwa moyo mkunjufu kila anapolisikia likivuta kutoka gia ya pili kuingia ya tatu. Kwa hiyo sisemi hapa kwamba gari langu hunywa sana. Nasema kwamba lilianza kunywa zaidi ya lilivyozoea, bila taa ya injini kuwaka kwenye dashibodi, bila moshi, bila mlio mgeni, na kwamba kuitafuta sababu kulinifanya niielewe injini hiyo kuliko miaka yote niliyoiendesha.

Gari lenyewe ni la mwaka 2006. Lina injini ya EJ20 ya lita 2, silinda 4 zilizolala, mbili kulia na mbili kushoto, na tabo inayozungushwa na moshi wa eksozi ili kuisukumia injini hewa nyingi kuliko inayoweza kuivuta yenyewe. Lilipotoka kiwandani Japani lilihesabiwa nguvu za farasi 250. Lilishushwa bandarini Mombasa kabla halijafikisha miaka 8, maana likishapita umri huo Kenya haliingii. Watu wa rika langu hawahitaji kuelezwa mapenzi haya yalianzia wapi. Mwaka 1994 Patrick Njiru alimaliza wa nne katika Safari Rally akiwa ndani ya Impreza. Mwaka 1997 Colin McRae akashinda mbio hizo kwa Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda tena. Tulisimama kando ya barabara tukala vumbi lao, na vumbi lile halijatutoka.

Nina desturi ya kuandika. Kila ninapojaza tangi, naandika kilomita na lita katika daftari linalokaa ndani ya gari. Najaza kwenye pampu ile ile, mpaka bomba lijikate lenyewe, na siongezi hata tone baada ya hapo. Kisha nagawanya kilomita kwa lita. Tangi moja halina ushahidi mkubwa, kwa sababu pampu moja hukata mapema na nyingine huchelewa, na petroli yenyewe hutanuka karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Lakini daftari la miaka lina uzito. Kutoka Mombasa hadi Nairobi, kilomita 480 na kidogo, gari langu likiwa na afya hutumia lita 48 hivi. Tangi huchukua lita 60. Nilizoea kuingia Mlolongo taa ya mafuta haijawaka bado.

Wengi hawazingatii kwamba barabara hii ni ya kupanda. Unatoka usawa wa bahari, na ukifika Nairobi umepanda mita 1,700 hivi, hata kama macho yanakuambia nyika ya Tsavo ni tambarare. Gari la kilo 1,500 likinyanyuliwa kimo hicho linadai megajuli 25 za nishati. Lita moja ya petroli ina megajuli 32 hivi, na injini hugeuza kiasi cha theluthi yake tu kuwa mwendo, iliyobaki ikipotea kama joto. Piga hesabu: mlima peke yake unakula lita 2.3 hivi. Ndiyo maana kulinganisha safari ya kwenda na ya kurudi ni kujidanganya. Kwenda hulinganishwa na kwenda.

Mnamo Septemba 2023, EPRA, mamlaka ya nishati na petroli nchini, ilitangaza bei ya petroli ya super jijini Nairobi kuwa shilingi 211.64 kwa lita. Nchi nzima ilishtuka. Mimi nilikuwa na mshtuko wangu wa pili, kwa sababu taa ya mafuta ilianza kuniwakia karibu na Salama, Nairobi ikiwa bado ni mbali. Nilipojaza, lita zilikuwa 59 hivi. Ongezeko la lita 11, kwa bei ile, ni zaidi ya shilingi 2,300 kwa safari ya upande mmoja.

Ukimwambia mtu gari lako limeanza kunywa, kila mmoja atakutajia spea. Huyu atasema plagi, yule injekta, mwingine pampu ya mafuta. Gereji moja iliniambia bila hata kufungua boneti kwamba ni sensa ya oksijeni, na kwamba nikitaka ya asili kutoka Japani nijiandae. Sikukubali, na si kwa ubahili. Sensa ya oksijeni kweli inaweza kufanya hivyo. Inakaa kwenye bomba la eksozi, inaonja moshi na kuiambia kompyuta ya gari kama kuna hewa iliyobaki au petroli iliyozidi, ili mchanganyiko ukae karibu na kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Ikizeeka inakuwa nzito kujibu, na kompyuta hubaki ikipapasa. Lakini mtu aliyetaja dawa kabla ya kumpima mgonjwa hajaitaja kwa sababu ya mgonjwa huyo.

Nikaanza na mambo yasiyohitaji spana. Je, nimepoteza kilomita, au nimepoteza mafuta? Miezi michache kabla, tairi zangu za 215/45 za rimu ya inchi 17 zilikwisha, nikafunga za 215/50, ndefu kidogo, kwa ajili ya matuta na mashimo. Kipenyo kilitoka milimita 625 hadi 647. Tairi kubwa huzunguka mara chache kwa umbali ule ule, na mita ya gari huhesabu mizunguko. Kwa kila kilomita 100 nilizokwenda kweli, dashibodi ilikuwa ikiandika 96.7. Asilimia 3 na kitu ya hasara yangu ilikuwa ya karatasini. Ndiyo maana ninaamini lita kwa safari ninayoijua urefu wake kuliko namba yoyote inayoandikwa na gari lenyewe. Na lita 59 hazikuwa za karatasini.

Upepo wa tairi ulikuwa sawa. Ukipungua, hasara yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: Wamarekani wanakadiria asilimia 0.2 kwa kila pauni 1 ya upepo inayopungua kwenye tairi zote nne. Breki zilinipa jibu dogo. Baada ya mwendo mrefu nilisimama kwa kuliacha gari litulie lenyewe, bila kukanyaga breki kwa nguvu, nikapitisha kiganja karibu na rimu moja baada ya nyingine. Ya nyuma kushoto ilikuwa na joto lisilo na sababu. Pini ya kalipa ilikuwa imeshika kutu, pedi haziachii diski sawasawa. Tukaisafisha, tukaipaka grisi yake, ikarudi kuteleza. Hilo liliokoa kitu, lakini si lita 10.

Kisha nikauliza habari ya mguu wangu mwenyewe, kwa sababu gari lenye tabo lina tabia mbili ndani ya bodi moja. Ukienda polepole na mguu mwepesi, linachoma 14.7 kwa 1 kama gari lolote. Ukikanyaga kulipita lori pale Mackinnon Road, tabo inasukuma, na kompyuta kwa makusudi inaongeza petroli mpaka karibu 11 kwa 1, ili petroli ya ziada ipoze vyumba vya kuchomea na pistoni zisiyeyuke. Hiyo ni theluthi moja ya petroli juu ya kawaida kwa hewa ile ile. Madereva wawili wanaweza kuliendesha gari moja na kutofautiana mno, na wote wawili wakawa wakweli. Kasi nayo ina hesabu yake: kutoka 100 hadi 120 kwa saa, nguvu ya upepo unaokupinga inaongezeka kwa asilimia 44. Mimi nilikuwa nikienda kama nilivyokwenda siku zote, na wakati wa mchana, nyuma ya malori yale yale.

Kuna chanzo kingine cha hasara katika magari haya hasa, nacho ni hewa inayovuja baada ya kupimwa. Katika Impreza hii hewa hupimwa mlangoni, karibu na filta, kisha ndiyo inapita kwenye tabo, kwenye kipozea hewa kilichokaa juu ya injini, na kuingia ndani. Mpira ukipasuka katikati, kompyuta haijui. Inamwaga petroli ya hewa iliyopimwa, hali sehemu yake imetorokea nje. Na vijana wetu wanaofunga vali za kupumulia nje ili gari litoe ule mlio wa kupiga chafya wakibadilisha gia wanafanya jambo hilo hilo kwa hiari: kila chafya ni petroli iliyokosa hewa yake. Siwagombezi, mlio wenyewe nami naupenda. Langu lina vali yake ya kiwandani inayorudisha hewa ndani, na tulipopuliza moshi kwenye mabomba yote haukutokea popote.

Hapo ndipo niliponunua kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari, kinachozungumza na simu. Watu hukitumia kufuta taa ya injini. Faida yake kubwa ni nyingine kabisa: kinakuonyesha gari linaamini nini. Injini za siku hizi hazina akili ya kujua ukweli wa dunia. Zinatii sensa. Ukitaka kujua kwa nini zinafanya zinalofanya, tafuta zimeambiwa nini.

Namba ya kwanza niliyoitazama ni masahihisho ya mafuta, yaani ni asilimia ngapi kompyuta inaongeza au kupunguza kwa kuitikia sensa ya oksijeni. Yakipita 10 juu au chini, kuna kitu kinadanganya. Yangu yalikuwa karibu na sifuri. Hiyo ilikuwa habari kubwa. Ilimaanisha kwamba kinachopima hewa hakijachafuka, sensa ya oksijeni inaelewana na kompyuta, na injekta zinatoa zinachoambiwa. Ile spea ya bei ya kutisha ingefungwa, na lita 59 zingebaki 59.

Namba ya pili ilikuwa joto la maji ya rejeta. Nikiwa nimesimama kwenye foleni ya Changamwe ilikuwa 84. Nilipofika njia nyeupe baada ya Mariakani ikaanza kushuka: 76, 70, na nilipokuwa na mwendo wa 100 ikatulia kwenye 64. Injini ambayo imeunguruma saa nzima, chini ya jua la Taru, ilikuwa na joto la injini iliyowashwa muda mfupi uliopita.

Nililazimika kwanza kuthibitisha kwamba sensa ya joto yenyewe haisemi uongo. Njia yake ni rahisi na haina gharama. Gari lilale usiku kucha, asubuhi ugeuze ufunguo bila kuwasha injini, usome joto la maji na joto la hewa inayoingia. Injini iliyolala haina joto lake yenyewe, kwa hiyo namba mbili lazima zikaribiane. Zote zilisoma 27, na ndivyo Mombasa ilivyokuwa asubuhi ile. Sensa ilikuwa mkweli. Kisha nikawasha, nikashika bomba la chini la rejeta. Katika gari zima, bomba hilo hubaki baridi dakika kadhaa, mpaka themostati ifunguke. Langu lilianza kuwa vuguvugu pamoja na injini.

Themostati ni kijilango cha maji. Kwenye Subaru hii kinafanya kazi kwa nta inayotanuka: kinaanza kufunguka maji yakifika nyuzi 76 hadi 80, na kwenye 91 kimefunguka chote. Chini ya hapo kinazuia maji yasiende kwenye rejeta, ili injini ipashe moto haraka. Kompyuta nayo ina maagizo yake. Injini ikiwa baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri, nyingine hushikamana na kuta za silinda, basi huongezewa. Oili ikiwa baridi ni nzito, na kila kinachozunguka kinazunguka kwa taabu. Mwendo wa kusimama huinuliwa ili isizimike. Yote hayo ni sahihi kwa dakika za kwanza za asubuhi. Gari langu lilikuwa likiishi dakika za kwanza za asubuhi kutoka Mariakani mpaka Athi River.

Na dalili zilikuwepo. Nikiwa Mombasa mjini, ambako foleni haziachi injini ipoe, matumizi yalikuwa yamebadilika kidogo tu, na barabara kuu ndiko yalikokuwa mabaya, kinyume cha desturi. Heta ilikuwa haipashi tulipokwenda Limuru. Plagi zilitoka na masizi meusi makavu. Mshale wa joto kwenye dashibodi ulikaa chini ya mahali pake kwa kiasi ambacho jicho hukizoea, kwani mishale hiyo hutengenezwa isiyumbeyumbe ili isimtie dereva wasiwasi.

Nililipeleka kwa fundi mmoja mzee wa Shimanzi, mtu aliyeanzia kwenye malori. Kwenye Subaru themostati iko chini, maji ya rejeta yanapoingilia kwenye pampu, imefungiwa bolti mbili. Alipofungua, aliangalia, akanyamaza, akaniita.

"Mwanangu, nani aliyegusa hapa?"

Hapakuwa na kitu. Miezi iliyotangulia rejeta ilikuwa imevuja, ikapelekwa kwenye gereji fulani, na huko themostati iliondolewa bila mimi kuambiwa na bila kuandikwa kwenye risiti.

"Huwa twasema nchi yetu ni ya joto, mzungu aliiweka kwa baridi ya kwao," akaniambia. "Nami nimezitoa nyingi zamani, wakati wa malori. Maji ya kisima yenye chumvi yalikuwa yakila rejeta, gari lachemka Maungu, ukiitoa lafika Voi. Lakini lori lile halikuwa na kompyuta ya kuuliza kuna baridi gani."

Nimeirudia kauli hiyo kwa watu wengi, kwa sababu ina haki ndani yake. Desturi ya kung'oa themostati haikuzuka kwa ujinga. Ilizaliwa na mafundi waliokuwa na maji mabaya, rejeta zilizoziba na spea zisizopatikana, wakatafuta namna mzigo ufike. Lakini hoja ya nchi ya joto haisimami. Injini hii inataka maji yawe karibu na nyuzi 90, na hakuna mji duniani, Mombasa wala Lamu wala Muscat, wenye hewa ya nyuzi 90. Kila mahali ni baridi kwa injini. Tofauti ya Mombasa na Sapporo ni dakika ngapi inachukua kupasha moto, basi. Na gari likichemka kwa kweli, themostati iliyotolewa inaficha ugonjwa, haiutibu. Rejeta iliyoziba itabaki imeziba.

Nilinunua mpya, nikaipima nyumbani kabla ya kufungwa, kwa kuwa soko limejaa za bandia. Unaitia ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, unawasha moto polepole na kutazama. Ilianza kufunguka kwenye 78, na maji yalipokaribia kuchemka ilikuwa wazi kabisa. Fundi akaifunga, akaweka maji yenye dawa yake badala ya maji matupu, akatoa hewa kwenye mfumo kwa subira, kazi ambayo injini hizi za kulala zinaidai. Alisisitiza tumwage na oili pia. Ilikuwa inanukia petroli, kwa sababu petroli isiyoungua huteremka kandokando ya pistoni na kuichujua. Hilo ndilo lililoniuma kuliko shilingi za mafuta. Oili iliyochujuka ndiyo hiyo hiyo inayolainisha mhimili wa tabo, unaozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Safari iliyofuata joto lilisimama kwenye 88 likakaa hapo, likipanda hadi 92 kwenye vilima vya Ukambani na kurudi. Taa ya mafuta haikuwaka Salama wala Konza. Nilipojaza Nairobi, pampu ilijikata kwenye lita 49. Bei ya themostati ilikuwa ndogo kuliko hasara ya safari ile moja.

Imebaki lita 1 ambayo sijairudisha. Tairi ndefu huenda zina sehemu yake, maana zina uzito zaidi na zinafanya gia zote kuwa ndefu kidogo. Umri wa pete za pistoni unaweza kuwa na sehemu nyingine, hasa baada ya miezi ya petroli kuosha silinda. Nimekubaliana na mzee wa Shimanzi kwamba tutapima mgandamizo wa silinda zote 4 kabla ya Desemba, barabara ya Nairobi haijajaa. Zikiwa sawa, nitalirudia daftari tangu mwanzo, maana kutakuwa na kitu ambacho gari linaambiwa na mimi bado sijakisoma.